Hiyo Dawa Inaitwaje, Jamani?

Aibu ya imla haifi. Aliyepata tatu kwa kumi darasa la nne huikumbuka hadi uzeeni, na mnukuzi wa maelezo ya madaktari huionja upya kila siku ya kazi. Mtazame huko Marekani. Amevaa spika za masikioni, mguu uko juu ya pedali ya kurudisha sauti nyuma, na daktari, ambaye bila shaka anatafuna kitu, amesimulia ugonjwa wote vizuri, moyo, figo, hata mtoto wa jicho. Sasa amefika kwenye orodha ya dawa na anaishusha kwa pumzi moja kama kondakta anayetaja vituo. Mnukuzi anarudisha sekunde nne. Anazirudisha tena. Mara ya ishirini sikio linamletea, kwa Kiingereza chake, maneno matatu: upendo na maksai. Dawa ni Lovenox, ya kuzuia damu isigande, ila yeye hajalijua hilo bado. Anachojua ni kwamba ana cheti, ana kamusi mezani, ana miaka ya kazi, na kwa mujibu wa masikio yake kuna mgonjwa anayechomwa ng'ombe tumboni mara mbili kwa siku.

Afanyeje? Chama cha wanukuzi wa kitabibu wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1978 na ambacho siku hizi huitwa AHDI, kina jibu lisilopendeza: usibahatishe, acha pengo. Acha nafasi tupu, onyesha ni dakika ya ngapi ya sauti, andika neno linasikikaje, kisha mrudishie mwenye sauti yake. Kiswahili kimelipa jambo hili jina linalolifaa sana, maana pengo ni la jino pia, na mwenye pengo huziba mdomo anapocheka. Wanukuzi nao huziba. Ndiyo maana kabla ya kulikubali pengo hugeukiana: "Jamani, inasikika kama meta-pro-lo, miligramu 25, mara mbili kwa siku, mzee wa presha." Mwenzake anajibu bila kuinua kichwa: "Metoprolol. Endelea na kahawa yako." Ninachodai ni kwamba swali hilo la kuombana sikio ndilo lenye akili kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, na kwamba karibu kila anayeilipia kazi hii ameipanga kana kwamba kuuliza ni uzembe.

Hebu tuone mwenye kujibu anajibuje, maana hapo ndipo utamu ulipo. Hakuisikia sauti. Amepewa vipande vitatu tu: mlio, ugonjwa na dozi; na kati ya hivyo, mlio ndio shahidi mwongo kuliko wote. Dozi haidanganyi kirahisi. Ukisikia mikrogramu 112 au 137, kidonge kimoja asubuhi, huna haja hata ya jina: hiyo ni levothyroxine, homoni ya wenye tezi ya shingo iliyolegea, kwa sababu ni dawa chache mno zinazopimwa kwa namba za kichaa namna hiyo. Ukisikia gramu 3.375 kwenye mshipa, ni Zosyn, hata kama daktari aliitamka akiwa ndani ya lifti. Celebrex ya maumivu ya viungo na Celexa ya sonona hufanana masikioni kama pacha, na Cerebyx ya kifafa ni binamu yao, lakini Celebrex huja kwa miligramu 200 mahali ambapo Celexa huja kwa 20. Sifuri moja inatenganisha goti na huzuni. Basi mnukuzi mzoefu husikiliza jina mwisho kabisa, kama hakimu wa mtaa anayeujua tayari ugomvi na anasubiri tu kuambiwa ni nani safari hii.

Jina lenyewe nalo lina sarufi, na mtu aliyekulia ndani ya ngeli anaielewa haraka kuliko Mmarekani. Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 1953 kutoa orodha za majina ya dawa ya kimataifa, yale yasiyo mali ya kampuni yoyote, na katika majina hayo ukoo wa dawa hutambulishwa kwa silabi maalumu. Sisi tunaweka ukoo kichwani, m- na wa-, ki- na vi-. Wao mara nyingi wameubandika mkiani. Enalapril, lisinopril, ramipril: wote wa -pril, dawa za presha. Atenolol, propranolol: wa -olol, wanaopunguza kasi ya moyo. Wa -prazole wanatuliza asidi ya tumbo, wa -statin wanapigana na mafuta kwenye damu. Mpango mzuri sana kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba daktari aliyechoka humeza mkia. Anaanza jina kwa nguvu, sauti inateremka, na kile kipande kinachobeba ukoo mzima kinaishia kwenye kola ya shati. Wapo waliolikwepa hilo kwa kuweka ukoo mbele, akina ceftriaxone, cefotaxime, cefuroxime na cefazolin. Hao unawasikia wote mwanzo, halafu unabaki kujiuliza ni cef yupi. Na ukoo ukizaana kupita kiasi, utaratibu unazidiwa: mwaka 2021 Shirika hilo liliacha kutoa majina mapya yenye mkia wa -mab, likaugawa ukoo huo katika mikia minne, -tug, -bart, -mig na -ment, kwa kuwa akina -mab walikuwa wamejaa hadi hawatofautiani. Yaani hata waliobuni majina walifika mahali wakauliza, jamani, huyu ni nani?

Majina ya biashara hayana hata sarufi hiyo. Yanatafutwa yawe mafupi, yasiwe na maana katika lugha yoyote, na yasiahidi uponyaji waziwazi. Ukiondoa maana na ahadi, kinachobaki ni Z, X na irabu mbili zinazozungukana. Kisa cha Losec kinastahili kusimuliwa polepole. Omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, iliingia sokoni Marekani kwa jina la Losec. Ilikuwapo tayari Lasix, dawa ya kukojoza maji mwilini, maarufu katika kila wodi. Yatamke yote mawili mdomo ukiwa umejaa chapati: Losec, Lasix. Sasa yaandike kwa mwandiko wa daktari. Na ili shetani asikose kazi, zote mbili hutolewa kwa miligramu 20, kwa hiyo yule shahidi mkweli tuliyemsifu, dozi, naye akawa bubu. Mtu mwenye kiungulia alikuwa katika hatari ya kushinda chooni, na mwenye moyo uliojaa maji katika hatari ya kutulizwa tumbo. Mwaka 1990 Losec ikabadilishwa jina huko Marekani. Wataalamu wakakaa, wakatafakari, wakaongeza silabi mbele: Prilosec. Kwanza, masikio yetu yaliyofundishwa ngeli yanashtuka, maana hiyo pril ni ya ukoo wa presha, ila yanakubali kuisamehe kwa kuwa iko kichwani badala ya mkiani. Pili, na hapa mtu anaweza kuvua spika na kutoka nje kupunga upepo, Prilosec ikaanza kuchanganywa na Prozac, dawa ya sonona, ambayo nayo huja kwa miligramu 10, 20 na 40, sawasawa na Prilosec. Waliikimbiza dawa kutoka chooni wakaifikisha kwa daktari wa akili. Wala si hiyo pekee iliyobadilishwa jina: Kapidex ilibadilishwa kuwa Dexilant mwaka 2010. Brintellix ikawa Trintellix mwaka 2016, ikiikimbia dawa nyingine, Brilinta.

Atasema mtu: kwa nini asiulizwe daktari mwenyewe, aliyesema? Ni swali la haki, na kanuni ndivyo inavyotaka. Lakini daktari alisema jana usiku, amewaona wagonjwa wengine ishirini tangu hapo, na akirudishiwa pengo mara nyingi hulijaza kwa kukumbuka, yaani kwa kubahatisha kwa cheo. Mwingine atasema kuulizana kunavunja siri ya mgonjwa, na Marekani ina sheria ya mwaka 1996 inayoilinda siri hiyo kwa meno. Hofu hiyo ni ya kweli pale mtu anapoisambaza sauti yenyewe. Swali lililoulizwa vizuri, hata hivyo, halina jina, umri wala mji; lina mlio, dozi na ugonjwa, vitu ambavyo wazee elfu wanashiriki. Wahudumu wa maduka yetu ya dawa, kutoka Kariakoo hadi Kisumu, wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote kwa upande wa macho: anakigeuza cheti juu chini, anamwita mwenzake, "hebu ona hapa, hii ni nini?", na watu wawili wanainamia mkwaruzo mmoja kama wanaosoma ramani ya hazina. Hakuna mteja aliyewahi kuwadharau kwa hilo. Anayestahili kuogopwa ni yule anayesoma mara moja na kuinuka.

Hapa ucheshi unanipungukia kidogo. Mnukuzi wa Marekani kwa kawaida amelipwa kwa mstari, na mstari umezoeleka kuhesabiwa herufi 65. Fanyeni hesabu. Sentensi ya kawaida kwamba mgonjwa anaendelea vizuri inapita kwa sekunde kadhaa na inalipwa. Jina la dawa lisilosikika linaweza kula robo saa ya kurudisha sauti, kufungua vitabu na kuuliza wenzake, na mwisho wake ni herufi tisa. Anayebahatisha anamaliza mapema na kulipwa sawa, pengine zaidi, maana tayari yuko ukurasa unaofuata. Kisha anakuja mkaguzi wa ubora anayehesabu mapengo kama mwalimu anayehesabu makosa ya imla, na mwenye mapengo mengi anaitwa dhaifu. Na mwenzake aliyemsaidia? Hakuna mstari unaomhesabu. Muda wake ni sadaka, na juu ya sadaka hiyo imejengwa biashara nzima, kisha kazi ikasukumwa hadi India na Ufilipino kwa bei ya chini zaidi kwa kila mstari, umbali ambao haumruhusu mnukuzi hata kumgeukia muuguzi wa zamu.

Wanaodhani hizi ni lawama za wapiga chapa watazame Alabama. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama huko lilitoa hukumu ya fidia ya dola milioni 140 kwa familia ya mgonjwa wa kisukari aliyefariki. Uniti 8 za insulini aina ya Levemir, zilizosemwa katika sauti iliyonukuliwa ng'ambo, zilikuwa zimeandikwa 80. Angalia vizuri: namba haikuachiwa pengo. Ilisimama pale ikiwa safi, imechapwa vizuri, haina hata alama ya kuuliza. (Kwa Kiswahili nane na themanini hazifanani hata kwa mlevi, ingawa tusijisifu sana, sita na sitini ziko tayari kutuumbua.) Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, lakini ukimlipa mtu kwa kasi unaliruhusu sikio litangulie, na kichwa kinafika baadaye, mahakamani.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote: mashine itamaliza mambo haya. Inasikia neno lolote, haichoki, haihitaji wenzake. Ni kweli kwamba mashine za kutambua sauti zimekuwa hodari, na zinayajua majina ya dawa mengi kuliko binadamu yeyote. Zinachokosa ni aibu. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI, walikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyoipa vilirudi na maneno ambayo hayakusemwa na mtu yeyote, na kimya katika mazungumzo kiliongeza hatari hiyo. Yaani msemaji anaponyamaza kutafuta neno, mashine inamsaidia. Miongoni mwa ilivyobuni ilikuwamo dawa isiyokuwapo duniani, antibiotiki zilizochangamshwa kupita kiasi. Mnukuzi wa kibinadamu angeisikia hiyo, angejiona mjinga, angewauliza wenzake, wenzake wangecheka hadi kahawa imwagike, na pengo lingebaki pengo. Mashine haikuwa na wa kumuuliza, na pia haikuona sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo mnukuzi hajafukuzwa kabisa. Amepewa cheo kipya cha mhariri, na bei ya mstari ikashushwa kwa kuwa sasa kazi yake, wanasema, ni kupitia tu. Zamani pengo lilimwonyesha mahali pa kusimama. Leo ukurasa unamjia umejaa pomoni, na lazima autilie shaka wote kwa nusu ya malipo, huku akisikiliza sauti ileile ya mtu anayetafuna. Na akifika kwenye orodha ya dawa, anaweza kumkuta yule maksai wake wa siku zote, katikati ya sentensi, ameandikwa bila kosa hata moja la tahajia.