Mvua Iliyochelewa Dakika 33

Masikio bado yananiwaka. Juzi hapa Wasso niliwaonyesha watu ukutani grafu ya mvua, mstari wa buluu, safi kabisa. Mzee mmoja akainua mkono. "Kijana, mvua ya siku ile ilianza saa tisa. Hii yako ilikuwa inasubiri nini?" Nikaanza kumweleza habari za vifaa vya kisasa. Akapitisha mkono chini ya shuka, akatoa risiti ya POS ya ushuru wa mnada, imejikunja kwa maji: 15:04. Mvua yangu ilianza 15:33. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, aliyepaswa kutuliza watu, alikuwa anafuta machozi.

Sasa sikia mambo yalivyo, maana yanachekesha kunishinda. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake: jua likifika utosini, ni saa sita. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne, na Nairobi iko nyuzi 36.8 mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo saa yake ya jua iliitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 27. Ikaachwa mwaka 1908. Leo Saa ya Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Toa, unabaki na dakika 33. Katika Python, lugha ya programu niliyochorea grafu ile, ukibandika eneo la saa la maktaba iitwayo pytz kwenye muda moja kwa moja, bila kupitia amri yake ya localize, maktaba hiyo hushika mstari wa kwanza wa jedwali la saa za eneo hilo, yaani wa kale kuliko yote. Matplotlib, maktaba ya kuchora, nayo haiulizi swali. Inachora.

Na mimi niliandika Africa/Dar_es_Salaam! Ila katika hifadhidata ya saa inayotegemewa na kompyuta nyingi duniani, Dar es Salaam ni lakabu tu ya Nairobi, kwa kuwa saa zao zimelingana tangu 1970. Ya kabla ya hapo si hoja. Jua la Dar lingenichelewesha dakika 23 tu. Yaani hata kosa lenyewe tumeazimwa, na hakuna aliyetuuliza.

Vituko vya muda katika programu nyingine ni vidogo. Excel inaamini Februari 1900 ilikuwa na siku 29. Gnuplot, kwenye toleo la 5, ilihamisha mwanzo wa hesabu yake kutoka 2000 hadi 1970.

Wewe unayechora grafu, achana na pytz. Tumia zoneinfo, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, na ukiipa tarehe ya leo hukupa saa 3 kamili.