Mambo ya Nje na Beki wa Kushoto

Nyumbani kwangu taarifa ya habari ya saa mbili usiku ina vipande viwili tu: kimataifa na michezo. Zikianza za kitaifa natoka kwenda kufunga geti. Zikifika za biashara bado natafuta kufuli. Mke wangu amezoea. Siku moja alimweleza jirani kwamba mumewe anajua nani alimfukuza kazi waziri wa fedha wa Uingereza, ila bei ya kilo ya unga hajawahi kuisikia. Jirani alicheka mpaka kanga ikamfunguka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwasi Kwarteng alifukuzwa na waziri mkuu Liz Truss, Oktoba 2022, na Truss mwenyewe akaondoka mwezi huohuo baada ya siku 49 madarakani. Mtu mwenye timu England asipoyajua hayo, atajua nini?

Hasa sisi wa Chelsea. Truss aliingia ofisini tarehe 6 Septemba. Tarehe 7, Chelsea ikamtimua kocha Thomas Tuchel. Kijiweni tulizijadili habari hizo mbili kama moja. Mzee mmoja mstaafu wa bandarini, Manchester United wa damu, alisema Waingereza wameingia msimu wa kufukuzana na kwamba Graham Potter, tuliyemchukua badala ya Tuchel, angeondoka kabla ya yule mama. Aliweka dau: kahawa ya kijiwe kizima. Potter alidumu mpaka Aprili 2023. Kahawa tuliinywa, na mzee hadi leo anadai kwamba Truss alionewa na refa.

Lakini shule yangu ya mambo ya nje ilifunguliwa Machi 2022. Tarehe 10, wiki mbili baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, Uingereza ilimwekea vikwazo mwenye timu yetu, Roman Abramovich. Chelsea ikaachiwa kucheza mpira, basi. Tiketi mpya haziuzwi, mkataba mpya hausainiwi, duka la jezi limefungwa, na safari ya mechi ya ugenini imewekewa kikomo cha pauni 20,000. Mzee wa bandarini alizigeuza pauni hizo kuwa shilingi, akasema timu ya mtaani kwake ingezunguka nazo Tanzania nzima na kurudi na mbuzi.

Nikaona niwahi jezi Kariakoo kabla hazijaadimika. Kumbe machinga naye anasikiliza habari za kimataifa.

"Kaka, hiyo ya mwisho. Mzigo umezuiwa na serikali ya Uingereza."

Bei ilikuwa imepanda kwa sababu ya vita. Nilijaribu kumweleza kwamba jezi hii Uingereza haiijui hata kwa ramani. Yule simba wa Chelsea, anayegeuza shingo kutazama nyuma, hapa alikuwa anatazama mbele kama mtu aliyekwisha kuamua kuondoka. Machinga akaniangalia kwa huruma. "Kaka, dunia siku hizi ni moja." Nikalipa bei ya vita.

Siku zilezile kampuni ya simu iliyokuwa kifuani mwa Chelsea, Three, ilisitisha udhamini na kutaka nembo yake iondolewe kwenye jezi. Wachezaji walikwenda Norwich wakiwa nayo kifuani na wakashinda 3-1. Jezi yangu ndiyo iliyotii. Katika beseni la kwanza la sabuni ya unga ile 3 ilibanduka nzima, ikaelea juu ya povu. Mke wangu aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Na wewe wamekuwekea vikwazo?"

Watu wanadhani shabiki wa mpira anaingilia mambo ya nje kwa kiherehere. Si kweli. Mambo ya nje ndiyo yanayotuingilia. Novatus Miroshi alipokuwa Shakhtar Donetsk msimu wa 2023/24, mtoto wetu alikuwa kwenye timu ya Ukraine ambayo haijacheza Donetsk tangu 2014, na ambayo mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa zilichezwa Hamburg, Ujerumani. Ungeweza kumfuatilia bila kujua habari za vita? Kijana anayetuuzia kashata aliuliza kama Shakhtar wakicheza Donetsk itahesabiwa ugenini. Hakuna aliyemjibu vizuri mpaka leo.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenifundisha Lebanon. Nilikuwa nahangaika kumweleza mpangilio wao wa tangu 1943: rais awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia. Akanikatiza akiwa bado na chenji ya watu mkononi: "Aaa, kama Taifa Stars! Kipa wa Simba, beki wa Yanga, kiungo wa Azam, kila mtu atulie." Nimesoma makala nyingi kuhusu Beirut na sijakutana na ufafanuzi bora. Kisha akauliza, "Na wa timu za mikoani?" Nikamwambia hao wako benchi kotekote.

Mgawanyo huo ulitibuka 2025, Mohamed Hussein, Zimbwe Jr, nahodha wa Simba, alipohamia Yanga. Mtu yuleyule, mguu uleule wa kushoto, ila sasa anahesabiwa ng'ambo ya pili. Ndani ya wiki moja waliokuwa wanamwita beki bora wa ukanda huu waligundua kwamba amezeeka, na waliokuwa wanamwita mzee wakagundua kwamba ana uzoefu. (Timu yangu ya hapa nyumbani siitaji. Mhariri ana upande wake.) Mzee wa bandarini alitulia, akatukumbusha kwamba Winston Churchill alihama chama mwaka 1904 na baadaye akarudi. Kwa hiyo Zimbwe atarudi. Huo ndio ushahidi wake wote, na haoni unapungukiwa nini.

Wenzetu wengine hawahangaiki na mgawanyo. Liberia, Septemba 2018, Rais George Weah, akiwa na miaka 51, alivaa jezi namba 14 akaanza mechi ya kirafiki dhidi ya Nigeria, mechi iliyoandaliwa ili jezi hiyo istaafishwe. Walifungwa 2-1 naye akatolewa dakika ya 79. Ninachotaka kujua ni nani alinyanyua kile kibao cha kumtoa, na kama bado yuko kazini. Kameruni nako, 2022, waziri wa michezo alitangaza Rigobert Song kuwa kocha kwa maelekezo ya rais. Hapo hakuna cha wachambuzi wa redioni wala kijiwe.

Sisi siasa za nje zilitukuta Januari 2024, kwenye AFCON kule Ivory Coast. Kocha wetu Adel Amrouche alisema hadharani kwamba Morocco wana mkono ndani ya CAF. Stars ikacheza na Morocco, ikafungwa 3-0. CAF ikamfungia Amrouche mechi nane, TFF ikamsimamisha, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman. Sasa Hemed Suleiman nchi nzima tunamwita Morocco. Ningeyaandika haya kwenye hadithi ya kubuni, mhariri angenirudishia na kuniambia nipunguze chumvi. Tena hayakuishia hapo. Agosti 2025, robo fainali ya CHAN kwa Mkapa, waliotutoa ni Morocco, 1-0. Januari 2026, tumevuka makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia, hatua ya 16 bora tunapangiwa nani? Mwenyeji, Morocco, kwao Rabat. 1-0. Mzee wa bandarini sasa haweki hata chungwa la Morocco mdomoni, ingawa yanayouzwa sokoni kwetu yanatoka Muheza.

Kinyozi wangu ndiye mwenye siasa nzito kuliko wote. Ana misimamo miwili na haijawahi kukutana, japo anaishikilia yote kwa mkono uleule ulioshika mashine. Juzi alikuwa upande wa sikio langu la kushoto, anamshughulikia Trump.

"Mtu kakaa miaka, anafanya kazi, analipa kodi, watoto wako shule, unamwambia arudi kwao! Kwao wapi?"

Nikasema kweli kabisa. Nikauliza, na wale watatu wa Singida Black Stars waliopewa uraia Januari 2025, waitwe Stars? Akazima mashine.

"Hapana, kaka. Hiyo tofauti. Stars ni ya wazawa. Babu yake kazikwa wapi?"

"Na Haji Mnoga? Kazaliwa Portsmouth."

"Yule ana jina letu. Halafu krosi zake umeziona?"

Kwa hiyo sera ya uhamiaji ya kinyozi wangu ni kwamba mpaka umefungwa, isipokuwa kwa beki wa kulia.

Nikakosea kumuuliza kikosi cha AFCON ya 2027 angekipanga vipi. Alisafisha rafu yote iliyo mbele ya kioo, akaanza kupanga. Kopo la poda likawa kipa. Brashi na chanuo, mabeki wa kati. Wembe mpya, winga. Chupa ya spiriti akaipa beki wa kushoto kwa sababu ina mbio, na kiungo mkabaji akawa dawa ya kusafishia vioo, ile ya kunyunyizia, ya bluu. Alinieleza jinsi beki wa kushoto atakavyopanda na kiungo atakavyoshuka kuziba nafasi. Akaisogeza spiriti mpaka karibu na soketi ya ukutani. Akaishusha ile ya bluu mahali spiriti ilipotoka. Kisha akakumbuka kwamba ana mteja.

Mikono ya kinyozi mzoefu haihitaji macho. Wake ulikwenda moja kwa moja pale spiriti inapokaa siku zote, ukanyanyua chupa, ukaninyunyizia kisogo kizima na nyuma ya masikio. Nilisubiri ile kuwasha ya kawaida. Haikuja. Kikaja kibaridi, halafu povu. Tulitazamana kwenye kioo, yeye na mimi na kile kikosi.

"Haiui, kaka," akasema, akichukua taulo.

Ndiyo hatari ya kumpandisha beki halafu usimkumbushe kurudi. Akaisugua shingo yangu kwa ile mizunguko ya mtu anayefuta dirisha, nadhani mkono wenyewe ulishazoea hivyo. Nilipofika nyumbani mke wangu alininusa mlangoni, akauliza kama nimepata kibarua benki.

Halafu kuna shemeji. Yuko Houston, Texas, miaka mingi sasa. Jumapili, usiku kwetu na mchana kwao, hupiga simu ya video, nami huiegemeza kwenye kopo la kashata ili kijiwe kizima kimwone. Julai 2025, Chelsea ilipoifunga PSG 3-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule New Jersey, tulimngoja kama mwandishi wetu maalumu. Trump alikabidhi kombe, halafu akabaki palepale jukwaani katikati ya wachezaji likinyanyuliwa, na Cole Palmer sura imemtoka mshangao. Tulitaka maelezo. Shemeji alisema siku hiyo alikuwa kazini.

Mara ya mwisho mzee wa bandarini alimwanza yeye. Alikuwa amejiandaa. Seneti ya Marekani ina watu mia, wawili kila jimbo. Texas mmoja wao ni Ted Cruz. Je, mtaani huko Cruz anaonekanaje?

"Shikamoo mzee wangu," shemeji akasema, anafikicha macho. "Natoka zamu ya usiku. Huyo Cruz sijakutana naye hata kwa bahati mbaya. Nambieni golini anaanza nani."

Mzee aliudhika. Unawezaje kuishi jikoni usijue kinachopikwa? Akamweleza shemeji kuhusu FIFA kumpa Trump tuzo ya amani, Desemba, pale kwenye droo ya Kombe la Dunia, na akaonekana kumlaumu kidogo kwa kutoizuia. Shemeji aliitikia ndiyo mzee, kweli mzee. Kisha, kwa nia njema kabisa, akauliza:

"Na hapo nyumbani, siasa zikoje?"

Muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha. Kijana wa kashata akagundua ana ujumbe kwenye simu. Mimi nilikumbuka geti. Mzee wa bandarini, aliyekuwa ametoka kuwahesabu maseneta mia wa nchi ya watu, akasafisha koo.

"Mwanangu, huku tatizo ni kipa."

Ah, hapo kijiwe kikafufuka. Kipa gani? Yupi? Watu walisimama. Tulimpanga mmoja, tukamtoa, tukamrudisha. Bando la shemeji likaisha katikati ya sentensi na hatukumngoja. Fainali za AFCON 2027 ni zetu na Kenya na Uganda, mwenyeji hahitaji kufuzu, kwa hiyo muda wa kubishana tunao. Tukatoka kwa kipa tukaenda kwa namba tisa. Mzee akasema tatizo la namba tisa hata United wanalijua, akamtaja Højlund. Mtu akauliza Højlund ni wa wapi. Denmark. Kijana wa kashata akasema Denmark si ndio wenye kile kisiwa cha barafu anachokitaka Trump?

Alfajiri nilikuta ujumbe wa shemeji: "Mlimaliza? Golini nani?"

Nikamjibu: "Bado. Tulikwama Greenland."