Kopo la Kadutu na mguu wa Kansela

Soko la Kadutu, hapa Bukavu, lina sheria moja tu, nayo iko kwenye kiganja cha muuzaji. Maharage hupimwa kwa kopo, na kopo lenyewe limebonyezwa kitako mpaka kimeingia tumboni. Ukinung'unika unajibiwa, "Papa, kopo ni ile ile ya siku zote." Kweli, ni lile lile. Kinachobadilika ni mkono. Jirani wa muuzaji wa kanisani anajaziwa mpaka maharage yanafanya kilima, kisha anaongezewa kiganja juu. Mimi, kwa kosa la kuvaa miwani na viatu vilivyong'aa, nafutiwa kopo kwa ukingo wa kiganja, na punje zangu zinarudi guniani huku nazitazama.

Tabia hii aliijua Mwingereza mmoja ambaye hakuwahi kuipanda milima ya Bukavu. John Selden, mwanasheria na msomi, alizaliwa 1584 akafa 1654. Maneno yake ya mezani hakuyaandika mwenyewe. Katibu wake, Richard Milward, ndiye aliyeyakusanya, na kitabu kikachapishwa 1689, wote wawili wakiwa kaburini. Humo Selden anailalamikia mahakama ya Kansela, iliyokata kesi kwa dhamiri ya mkubwa huyo mwenyewe. Kwake, hilo lilikuwa sawa na kuufanya mguu wa Kansela kipimo cha taifa. Akija mwenye mguu mrefu, kipimo kinarefuka. Akija mwenye kiguu, mmepunjwa wote.

Mdomo huo ulimponza. Mfalme alimtia ndani 1629. Kabla ya hapo, 1618, alikuwa ametoa kitabu cha historia ya fungu la kumi, akitilia shaka kama waumini wanadaiwa kwa amri ya Mungu mwenyewe, na wakubwa wa kanisa wakamlazimisha aombe radhi. (Ningelipa nauli yake aje huku kwetu Jumapili moja, aketi benchi la mbele wakati wa matoleo.)

Maana sisi Makansela tunao kila kona. Dereva wa pikipiki, kutoka Nguba mpaka Panzi, hapimi barabara: anapima koti lako, halafu anapima mawingu. Mwenye nyumba anapima kodi kwa harufu ya nyama inayotoka jikoni kwako.

Lakini mguu mrefu kuliko yote ni wa dola. Juzi nilitoa noti ya dola 20 dukani. Mwenye duka akaiinua juani, akaipapasa kama daktari, akagundua mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele. "Papa, hii imekufa." Imekufa! Na chenji aliyokuwa ameniandalia ilikuwa noti za faranga 500 zilizolowa jasho la mkoa mzima, moja imeshonwa kwa selotepu, nyingine inanuka samaki wa sambaza. Hizo ziko hai kabisa, na nikizikataa mimi ndiye mwenye majivuno. Nilipomuuliza ni sheria gani imeandika hivyo, akanitazama kwa huruma: "Njo vile iko."

Selden angekata rufaa. Mimi nina njaa. Dola hiyo bado ninayo mfukoni, msomaji. Ukiwa na dhamiri pana njoo uichukue, ila chenji tutahesabu kwa mguu wangu.