Jinsi ya Kumkamata Bakteria Kwenye Kachumbari

Umekaa kwenye kiti cha plastiki, mishikaki inafuka moshi, na mbele yako kuna kisahani cha kachumbari: nyanya, vitunguu, tango, pilipili, na ndimu imekamuliwa juu. Nyama imepita motoni. Kachumbari haikupita popote. Humo ndimo anamojificha mwizi wetu, na huu ndio mwongozo wa kumkamata.

Hatua ya kwanza: mpumzishe shahidi jicho. Bakteria wa E. coli ni wadogo kiasi kwamba ukiwapanga 500 kwenye mstari mmoja wanatimiza kama milimita moja. Nyanya inayong'aa na nyanya yenye bakteria inaweza kuwa nyanya ileile.

Hatua ya pili: pua na ulimi navyo vikae pembeni. Uvundo huletwa na vijidudu vinavyoozesha chakula. Bakteria kama Salmonella na Listeria hawahitaji kuozesha kitu ndipo wakuumize. Ulimi ndio mpelelezi mbaya kuliko wote, maana unapotoa taarifa, mtuhumiwa ameshamezwa.

Hatua ya tatu: ndimu usiipe kazi ya polisi. Ukali wa ndimu na siki hupunguza bakteria, lakini hauwamalizi. Friji nayo huwachelewesha wengi wao, ila Listeria huendelea kuzaana humohumo kwenye baridi. Mama mjamzito na alijue hili: akiambukizwa Listeria, yeye anaweza kuhisi homa ndogo tu, kumbe mimba iko hatarini.

Hatua ya nne: mpeleke mtuhumiwa maabara. Mtaalamu hupima gramu 25 za kachumbari, huzitia kwenye mfuko safi pamoja na mililita 225 za mchuzi wa virutubisho, huzipondaponda, kisha huuacha mfuko usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37 ili wachache waliojificha waongezeke. Baada ya kuwachuja kwa michuzi mingine, huwapaka kwenye kisahani chenye jeli nyekundu. Salmonella akiwamo, kwa kawaida huota vidoa vyenye kiini cheusi, mithili ya macho ya dagaa. Hapo bado ni mshukiwa tu, na kuthibitisha kunataka muda zaidi. Kazi hiyo ni muhimu kwa viwanda na kwa wakaguzi wa serikali. Wewe mwenye njaa, majibu yatakukuta kisahani kimeoshwa zamani.

Hatua ya tano: usimfunge asiyehusika. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, E. coli hatari aliwafanya watu zaidi ya 3,800 waugue, na zaidi ya 50 walikufa. Matango kutoka Hispania yalilaumiwa kwanza, wakulima wakapata hasara kubwa. Matango yale yalipopimwa, bakteria aliyekuwamo hakuwa yule aliyekuwa akiua watu. Wapelelezi wakarudi kwa wateja wa mgahawa mmoja na kwa mpishi wake, wakauliza kila sahani iliwekwa nini. Njia ikaishia kwenye mbegu za uwatu zilizochipuzwa na kuliwa mbichi. Maabara ilimtambua bakteria, na maswali yakaonyesha alikopita.

Hatua ya sita: fuata nyayo. Bakteria haonekani, lakini njia yake inaonekana. Simama kidogo kwenye meza ya matunda ya kukata, maana nayo kama kachumbari huliwa bila kupita motoni. Tazama ndoo. Asubuhi maji yalikuwa meupe, adhuhuri yamekuwa rangi ya ukwaju, na kisu bado kinachovywa humo. Tazama mkono: umepokea noti, umerudisha chenji, umeshika papai. Tazama tikiti: kama halikuoshwa, kisu kinabeba kilichokuwa kwenye ganda na kukipeleka kwenye nyama tamu. Tazama na saa. Kwenye joto linalompendeza, E. coli huongezeka maradufu kila dakika 20. Mmoja aliyeingia saa mbili asubuhi anaweza kufika saa tisa alasiri akiwa na jamaa zaidi ya milioni 2.

Hatua ya saba: hoji kwa adabu. "Kaka, habari ya kazi. Maji ya kuoshea unayapata wapi?" "Dada, naomba unikatie jipya, nione." Muuzaji safi hufurahi kuulizwa. Na ambaye maji yake ni machafu, mara nyingi si kwa kupenda: ananunua maji kwa dumu, na choo cha soko hakina sabuni. Huyo si mwizi tunayemtafuta.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni, osha nyanya na tango kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata, tenga ubao wa mboga na ubao wa nyama mbichi, na kata kachumbari wakati wa kula. Kuosha hupunguza bakteria, hakuwaondoi wote, kwa hiyo usiruke hata kimoja kati ya hivyo vingine.

Nje ya nyumbani, kazi iliyobaki ni yetu sote. Mama muuza matunda hulipa ushuru wa soko, basi ushuru huo umrudie kama bomba la maji na sehemu ya kunawia. Siku diwani wako atakapokuja kuomba kura, mpeleke kwanza kwenye ile ndoo, mwonyeshe maji yake, kisha umwulize bomba litakuja lini.