Yah: Ombi la Kujengewa Ramani ya Kijiji kwa Saruji

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa mashirika yanayopeleka wajitolea katika vijiji vya Afrika Magharibi.

Barua hii inaletwa kwa unyenyekevu wote kwa niaba ya wanavijiji wa Senegal na Gambia ambao, kila baada ya miaka miwili, yaani kila anapoondoka mjitolea mmoja na kuingia mwingine, huitwa upya chini ya mti wa mikutano, mahali ambapo Wamandinka hupaita bantaba, wakakabidhiwa kijiti na kuombwa wachore kijiji chao mchangani. Kijiji huchorwa. Msikiti huwekwa kwa jiwe jeupe, visima kwa vifuniko vya chupa, mashamba ya karanga kwa majani makavu, na pampu ya mkono iliyokufa huwekwa kwa chochote kilichosalia. Na kwa kuwa mjitolea hunakili yote hayo daftarini kwa uangalifu mkubwa, wazee hutawanyika wakiamini, kama walivyoamini mara zilizopita, kwamba safari hii maneno yao yatafika.

Njia hiyo wataalamu huiita tathmini shirikishi vijijini, na ilienea katika miaka ya 1990, ikipigiwa debe na msomi Mwingereza Robert Chambers, aliyetaka mtaalamu anyamaze na kijiti kipite mikononi mwa mwanakijiji. Nia ilikuwa njema. Kijiti kilipita kweli, na wanavijiji wanacho hadi leo; kilichobaki mikononi mwa ofisi ni hundi. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kukalishwa katika mikutano ya kupanga maendeleo ya kijiji iitwayo Fursa na Vikwazo hahitaji kusimuliwa zaidi.

Miongoni mwa zana za tathmini hiyo ipo saa ya siku, ambayo ni mduara unaogawanywa ili wanaume na wanawake waoneshe, kila kundi kwa upande wake, jinsi wanavyotumia muda tangu alfajiri hadi usiku. Wanawake walioamka kabla ya adhana kutwanga uwele, wakateka maji, wakapika, na ambao bado palizi inawasubiri, huombwa waketi asubuhi nzima ili wathibitishe kwamba hawana nafasi ya kuketi. Matokeo hayo hupokewa kwa mshangao kila baada ya miaka miwili. Ipo pia kalenda ya majira, ambamo uzito wa kazi ya kila mwezi huhesabiwa kwa karanga, na kwa kuwa Agosti, mwezi wa mvua na palizi ambao akiba ya mwaka uliopita huwa imekwisha, hupewa fungu kubwa kuliko yote, watoto hula takwimu za mwezi wa njaa kabla hazijanakiliwa.

Ieleweke kwamba vijana wenyewe hawashtakiwi. Kijana anayefika na begi na chandarua hulala katika kibanda chenye joto lilelile la wenyeji, huoga kwa ndoo, hujifunza kula kwa mkono wa kulia katika bakuli moja na familia, na husubiri kwa subira mikupuo mitatu ya ataya, yaani chai ya kijani inayochemshwa mara tatu kwa majani yaleyale. Hupewa jina la ukoo wa wenyeji wake, na akiitwa Ndiaye, siku hiyohiyo akina Diop, ambao ni watani wa ukoo huo kama yalivyo makabila ya utani Tanzania, humshutumu kwa ulafi wa wali. Kijiji humzoea na humlilia anapoondoka. Kinachokera ni kwamba huondoka na daftari, na anayemfuata huja na daftari jeupe.

Kwa hiyo linaombwa jambo moja kubwa: kila kijiji kijengewe ramani ya kudumu ya saruji. Ramani iwe na ukubwa wa mita 4 kwa 5, iinuliwe kidogo ili maji ya mvua yasituame, na ielekezwe kibla, jambo litakalowaondolea wazee mjadala unaokula nusu saa ya kila kikao. Msikiti uwe wa kigae. Nyumba ziwe vijitundu vya kutiwa kokoto, ili familia ikihama ihamishwe kokoto na si kuvunjwa sakafu. Mto Gambia, pale unapohusika, uchongwe kama mfereji wenye kina cha kidole, na mbuzi waruhusiwe kunywa humo. Kwa pampu iliyokufa itengenezwe pampu ndogo ya chuma, yenye mkono unaopanda na kushuka bila kutoa kitu, kwa kuzingatia usahihi wa kitaalamu. Pembeni utengwe ukanda wa mchanga laini, ambamo mjitolea mpya ataweza kuchuchumaa na kijiti, akachora, na akagundua. Na wateuliwe wazee watatu wa zamu, wenye posho, watakaotikisa vichwa kila anapogundua. Kikao kizima kitachukua dakika 20, na wanawake wataendelea na palizi.

Saruji ya ramani hiyo inatosha kukarabati sakafu ya kisima, na ikabaki. Hilo linajulikana. Limejulikana kila lilipochorwa. Wala uwezo wa kusafirisha vitu haukosekani: Machi 2020, korona ilipotanda, Peace Corps, shirika la wajitolea la Marekani, iliwaondoa wajitolea wake wote duniani, wapatao 7,000, kutoka nchi zaidi ya 60, kama ilivyowaondoa Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014 wakati wa Ebola. Ndege zilipatikana, magari yalipatikana, kila jina lilikuwa kwenye orodha. Basi isisemwe tena kwamba kipira cha kutengenezea pampu iliyokufa kimekwama kwa ubovu wa barabara. Wanavijiji wamechoshwa na kuulizwa jambo ambalo jibu lake limefungiwa kabatini mwa muulizaji, na heshima wanayoambiwa wanapewa kwa kuulizwa ni ya bure, kwa kuwa haijawahi kumgharimu mtoaji chochote. Barua inaomba radhi kwa ukali huo na inarejea kwenye adabu yake.

Maombi mengine ni madogo. Karanga zilizotumika kama takwimu zilipwe kwa kilo. Tathmini isifanyike Agosti. Ripoti ya mjitolea aliyetangulia isomwe na anayemfuata, walau ukurasa wa kwanza.

Endapo ombi la ramani litakwama kwa sababu za kibajeti, wanavijiji wako tayari kuipokea timu ya wataalamu itakayokuja kutathmini, kwa njia shirikishi, kama kweli ramani inahitajika. Timu hiyo inashauriwa ije na maji yake.