Namna ya Kumpenda Mungu Bila Kusumbuliwa na Jirani

Anza na Biblia ya zipu. Ile yenye jalada jeusi na kurasa za ukingo wa dhahabu, ambayo ukiifungua kanisani zipu inalia mpaka wa benchi la mbele anageuka kuona nani huyo aliyejaa Neno. Ukishaifunga Jumapili mchana hailii tena mpaka Jumapili nyingine, na huo ndio ubora wake.

Kisha jifunze kwa yule mwanasheria wa Luka 10. Wengi humdharau, mimi namwona mlezi wetu. Alipoulizwa torati inasemaje, hakubabaika: kumpenda Mungu, akachukua Kumbukumbu la Torati 6, kumpenda jirani, akachukua Walawi 19. Alama zote, kama sisi tuliokariri darasani mwa kipaimara. Ila hakuishia hapo. Akataka aambiwe huyo jirani ni yupi hasa. Mtu wa mjini yule. Alijua kiwanja kisicho na bikoni ni kesi, na upendo usio na bikoni ni gharama. Nawe piga bikoni mapema: jirani ni mtu wa jumuiya yenu, asiyekosa Jumamosi asubuhi, aliyekuchangia harusi ya binti yako, na ambaye humdai. Ukihesabu vizuri utakuta wamebaki wawili, na mmoja wao ni mkeo.

Tatizo ni kwamba watu wa nje ya bikoni nao wana mikono ya kugonga mlango. Saa tano usiku mama wa nyumba ya pili anakuja, mtoto ana homa, anaomba hela ya bajaji. Hapo tumia neno moja tu: nitakuombea. Halina risiti, halikaguliwi, na ukisahau hakuna wa kukudai. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unalisema vibaya sana jambo hili, ndiyo maana napendekeza usomaji wako wa Agano Jipya uishie kwa Paulo. Na kwa Paulo ruka Wakorintho wa Kwanza 13. Sura hiyo kazi yake ni kusomwa harusini.

Sasa tuje kwenye safari ya kwenda kanisani, maana huko ndiko hatari ilipo.

Kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, njia ya kile kisa alichojibiwa mwanasheria wetu, ni kama kilomita 27, mteremko mtupu: unaanzia milimani unaishia chini ya usawa wa bahari, katikati ni majabali, pazuri kwa wanyang'anyi. Kuhani alimwona majeruhi akapita upande wa pili. Wahubiri humtetea kwamba aliogopa kugusa maiti, akanajisika kabla ya zamu yake hekaluni. Utetezi mbovu. Luka anaandika kwamba alikuwa anashuka, yaani anaipa Yerusalemu kisogo. Kama zamu ilikuwepo, ilikwisha. Sisi tumebarikiwa kuliko yeye, kwa kuwa tunapokutana na majeruhi Jumapili ndiyo kwanza tunakwenda, na ibada haisubiri mtu. Tena tunayo PF3. Ukimpeleka mtu wa ajali hospitali utaulizwa karatasi hiyo ya polisi. Ukienda polisi utaulizwa wewe ulikuwa wapi. Kuhani angekuwa na PF3 wala tusingemlaumu.

Nasema kwa uzoefu. Jumapili moja, hapa Tabata, nilikuwa nawahi ibada ya saa moja na jogoo wangu wa mnada kwapani. Pale kwenye kona kijana wa bodaboda alikuwa chini, mguu umepinda upande usiopindia, pikipiki bado inanguruma. Tulisimama watu kama kumi. Wanane walitoa simu wapige picha. Mimi nilikuwa na jogoo. Nilikumbuka Mathayo 5, kwamba mtu anaweza kuiacha sadaka yake akashughulike kwanza na ndugu yake, lakini sadaka ya wakati ule iliachwa madhabahuni. Jogoo ukimwacha barabarani Tabata, kwa heri ya kuonana. Nikavuka upande wa pili.

Aliyeinama ni muuza kahawa, yule wa baraghashia. Alikabidhi birika kwa mama wa vitumbua, akazima pikipiki, akasimamisha bajaji, akamlaza kijana mapajani mwake. Nilisikia wanapatana sh. 5,000. Kahawa yake kikombe ni sh. 200, kwa hiyo vikombe 25. Yule Msamaria aliyemwinamia majeruhi wa njia ya Yeriko alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, na dinari moja ilikuwa kibarua cha kutwa. Hesabu hizi nilizipiga wakati wa mahubiri.

Jogoo alifanya vizuri sana. Mnada ulianzia sh. 30,000, aliyemnunua akamrudisha mnadani, wa pili naye akamrudisha, mpaka akaishia mikononi mwa mchungaji kwa sh. 180,000 zote jumla. Mzee wa kanisa akanisimamisha, nikapigiwa makofi ya kilo. Jogoo peke yake ndiye aliyenitazama vibaya.

Hatua ya mwisho, basi, ni kubadili njia. Wiki mbili nilizungukia kule kwenye mashine ya kusaga. Juzi nikajisahau.

"Shikamoo mzee wangu," muuza kahawa akasema, huku anasuuza kikombe.

"Marahaba. Kijana yule?"

"Mguu tu, Alhamdulillahi. Wamemfunga plasta." Akanimiminia, akaongeza na kashata, akakataa hela. "Na jogoo, mzee? Alifika bei gani?"

Nikaanza kuipuliza kahawa.