Namna ya Kuandika Ripoti ya Safari ya Bagamoyo Bila Kusema Kilichotokea

Kwanza hakikisha umesafiri. Sisemi hivyo kwa utani. Kila mwaka zipo ripoti safi kabisa za safari ya kimasomo zilizoandikwa na watu waliobaki hosteli wakifua, na baadhi yake hupata alama za juu kwa sababu mwandishi hakusumbuliwa na chochote alichokiona. Lakini ikiwa umeshatoa mchango, na bumu la mkopo liliingia kabla hujakutana na wanaokudai, basi nenda. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi tu, na kazi ngumu inaanza ukirudi.

Utangulizi uwe mfupi. Tangazo la kiongozi wa darasa lilisema kosta itaondoka saa kumi na mbili kamili, herufi kubwa, na alama za mshangao tatu. Wewe andika: "Safari ilianza asubuhi." Huo si uongo, maana hata saa nne kasorobo ni asubuhi. Ukitaka kuonyesha ukomavu wa kitaaluma, ongeza kwamba msafara ulichelewa "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa kikundi". Sababu hizo zilikuwa ndani ya bweni zikinyoosha nguo kwa pasi ya kuazima, na kila zilipopigiwa simu zilijibu, "Niko getini hapa."

Malengo ya safari yaandikwe baada ya kurudi. Hiyo ndiyo njia pekee inayojulikana ya kutimiza malengo yote.

Kuhusu mambo ya njiani, ripoti inakudai sentensi moja, nayo ni hii: "Ushiriki wa wanafunzi ulikuwa wa kuridhisha." Ndani ya sentensi hiyo utamzika yule kijana ambaye tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyewahi kusikia sauti yake kwenye semina, anayekaa karibu na mlango na kutoka kabla hujajua kama alikuwepo. Mlipopita Bunju spika iliishiwa chaji. Kukawa na zile dakika za watu kulaumiana, kisha sauti ikatoka siti ya nyuma ikiimba taarabu ya zamani, ubeti kwa ubeti, bila kukosea neno, na ikawa ndiye yeye. Kosta nzima ilimpokea kiitikio. Dereva alipunguza mwendo ili asikie. Hata mhadhiri, aliyekuwa amejifanya amelala siti ya mbele ili asiulizwe habari za mtihani, alionekana akigonga dirisha kwa kidole, tena kwa mapigo sahihi. Tafuta katika mwongozo wa idara kichwa cha kumweka kijana huyu. Hakipo. Andika "ya kuridhisha", uendelee.

Kaole itakupa kurasa mbili bila jasho, kwa kuwa takwimu zimejaa. Magofu yako kilomita chache kusini ya mji. Msikiti wake mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ni 22, na kwenye baadhi ya nguzo za makaburi hayo palikuwa pamepachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bandari yake ilijaa tope na mikoko, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahama. Hayo yote andika, ni kweli na ni muhimu, na mtoa maelezo aliyasema vizuri sana mbele ya watu watano. Wengine wote walikuwa mbuyuni. Mbuyu wa Kaole una imani yake: ukiuzunguka unaongeza umri. Basi wasomi wa shahada ya kwanza, waliokuwa wametoka kufanya semina nzima kuhusu fikra tunduizi, walikuwa wanauzunguka kwa foleni, mmoja akiongeza mizunguko ya mama yake na shangazi yake wa Tanga.

Usiandike kuhusu kaburi la wapendanao. Au andika hivi: "Kikundi kilitembelea kaburi la mume na mke wanaosimuliwa kuwa walizama baharini, wakazikwa pamoja." Nukta. Darasani mna wawili ambao kwa semista mbili wameapa kwamba wao ni "washirika wa kudiskasi tu". Mtoa maelezo alipofika kwenye neno "pamoja", binti akauliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Na wewe ungezama na mimi, au na yule wa Sheria?" Makaburi 22 na watu wazima wote kando yake wakanyamaza kusikiliza jibu. Jibu lilikuwa, "Haya mambo tuyaongee hosteli." Ndivyo darasa lilivyopata uthibitisho ambao mbinu zetu zote za kukusanya data zilishindwa kuupata.

Mchana mtakwenda misheni, na hapa nakuomba uwe makini. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na pale ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ripoti zote zinasema "ulipolazwa" kana kwamba ulikuja kwa basi. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Wenzake wa safari, wakiwemo Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaubeba kwa miguu hadi pwani. Miezi tisa hivi. Njiani ilibidi waufungashe ufanane na robota la nguo, kwa sababu walijua watu hawatakubali maiti ipitishwe kwao.

Hapo ndipo mmoja wetu, akiwa na muhogo wa kukaanga mdomoni, alipouliza: "Sasa hela ya chakula alikuwa anashika nani?"

Tulicheka sana. Kisha kicheko kikaisha, kwa maana kila mtu alikuwa ametoka kugombana kuhusu mchango wa mafuta ya gari kwa safari ya saa mbili. Mzigo kama ule, watu wengi kiasi kile, mwezi baada ya mwezi: nani aliamua kesho waondoke saa ngapi? Nani alichelewa, na walimsubiri? Mhadhiri alisema tutalijadili darasani, na mpaka leo linasubiri darasa. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, lakini halitaingia kwenye ripoti kwa kuwa mwenye nalo alikuwa anatafuna. Kitakachoingia ni swali la yule aliyesoma kutoka kwenye simu kuhusu "athari za ukoloni kijamii, kiuchumi na kisiasa".

Msafara ule wa Livingstone nao ulikuwa na mwandishi wake. Jacob Wainwright, aliyewahi kuwa mtumwa akasomeshwa kwa wamisionari India, alikuwa na shajara. Ndiye pekee kati ya wale wabebaji wa bara aliyesindikiza mwili hadi Uingereza na kushika jeneza Westminster Abbey, Aprili 1874. Susi na Chuma walifika baadaye, mazishi yakiwa yameshapita. Kwa hiyo mwenye kalamu ndiye aliyepata safari. Zingatia hilo utakapopangwa kuwa katibu wa kikundi ukaanza kununa.

Changamoto ziwe tatu: muda, fedha, hali ya hewa. Usizidishe. Pilau kuishia siti ya nne si changamoto ya kitaaluma, ingawa ndiyo iliyozungumzwa kuanzia soko la samaki hadi Tegeta. Jambo la mwenzenu aliyesahaulika sokoni akinunua pweza liandikwe chini ya "muda". Na kama wakati wa kurudi mlihesabiwa mkazidi kwa mmoja, maana kuna binamu wa mtu alipata lifti ya Mwenge, hilo halina kichwa kabisa. Binamu mwenyewe ndiye aliyesaidia kuinua jeki tairi lilipopasuka, na kati ya abiria wote ndiye pekee aliyewaaga wenzake mmoja mmoja kwa mkono.

Mapendekezo hayabadiliki tangu chuo kianzishwe: chuo kitenge fedha zaidi, muda uongezwe, ziara ziwe za mara kwa mara. Kamwe usipendekeze mweka hazina asome mapato na matumizi. Alishatuma ujumbe kwenye grupu usiku ule ule, "Tumefika salama, Mungu ni mwema, chenji tutaongea," kisha akabadilisha picha yake ya wasifu.

Mwisho ni viambatisho. Chagua picha moja ambayo wote mmesimama mbele ya kibao cha makumbusho, mikono mbele, nyuso za watu wanaosubiri hukumu. Ile ya ufukweni iache. Ndiyo, ile ya mhadhiri amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi, wimbi limemfikia kiunoni, na anacheka kwa namna ambayo waliopata supu, yaani kurudia mtihani, kwenye somo lake hawaamini hadi leo hata wakionyeshwa. Ni picha nzuri kuliko zote, na yeye mwenyewe ameshaiulizia mara mbili kwa njia ya kuzunguka. Mtumie. Ila subiri kwanza matokeo yabandikwe.